Majogoo Tisa wa Msusi

Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kwenye kigoda cha Mama Chanuo alijua kwamba hapo husukwi nywele tu, unasomwa. Kabla hajaanza kazi, msusi huyu alikushika utosi kwa vidole viwili, akakugeuza kichwa huku na huku kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni, halafu akatoa hukumu. "Kisogo hiki ni cha mtu asiyesamehe." Au, "Paji la ubahili hili, dada. Usininunie, sikukuumba mimi." Wateja walicheka, wakanuna kidogo, na mwezi uliofuata wakarudi, kwa sababu mara nyingi alipatia, na kwa sababu mistari yake ilinyooka kama imepigwa kwa rula.

"Kichwa hakinidanganyi," ndiyo ilikuwa kauli yake. Na lile jina alipewa na mtaa mzima kwa sababu ya chanuo la mti lililochomekwa nyweleni mwake mchana kutwa, ambalo hata msibani alisahau kulichomoa.

Alisukia chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi barabarani. Nyuma ya chumba hicho kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko ua mdogo wenye ukuta unaomfikia mtu mzima kidevuni. Huko uani ndiko alikokuwa akijenga maisha yake ya baadaye. Kwa miaka miwili sasa vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza mgomo. Alfajiri havikunjiki. Ilimbidi avitumbukize kwenye bakuli la maji ya moto kabla ya kufungua mlango, avibembeleze kimoja kimoja kama watoto wasiotaka shule. Mteja hata mmoja hakulijua hilo. Aliyejua ni mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mengi kati ya hayo machache yakiwa si ya wakati wake.

"Msusi bila vidole," alisema siku moja akimtazama, "ni sawa na baiskeli bila mnyororo."

Akaona uso wa mkewe, akatamani ayameze tena maneno yake na spana juu yake.

Basi Mama Chanuo hakukaa kulia. Alikuwa na kuku watatu wa kawaida, wote wanaotaka kuatamia. Akaenda kwa muuza pumba, mzee mwenye duka lililojaa vumbi jeupe mpaka kope zake, aliyefuga kuku wa kijivu wenye mistari myembamba, kuku wanaosifika kwa kutaga. Akamwomba mayai ya kuwekea. Mzee alipoanza kumweleza namna ya kuwatambua vifaranga wa aina ile, jike yupi na dume yupi, Mama Chanuo alimwinulia kiganja.

"Mzee wangu, wewe shughulika na pumba. Vichwa niachie mimi."

Waliangua ishirini na mmoja. Walikuwa weusi ti, na kila mmoja alikuwa na doa jeupe utosini. Hapo ndipo msusi alipotabasamu. Wengine walikuwa na doa kubwa, limetawanyika, limechanua kama ua. Wengine doa lao lilikuwa dogo, kama tone la maziwa. Aliwachukua mmoja mmoja kiganjani, akawageuza, akawasoma. Nani asiyejua kwamba ua kichwani ni pambo la kike? Wenye maua walikuwa kumi na wawili. Hao ni matetea, akawaweka wake. Wenye matone walikuwa tisa; hao ni madume, na ufugaji wa mayai hauhitaji utitiri wa madume. Walipotimiza mwezi aliwagawa zawadi kwa wateja wake wa siku nyingi, na mmoja akampa wifi yake, dada wa mumewe, mtu asiyekubali kupitwa na kitu cha bure.

"Mlishe vizuri," alimwambia. "Atakuwa kitoweo kizuri."

Kifaranga mwenye ua kubwa kuliko wote alimpa jina kabisa. Alimwita Malkia.

Miezi ikapita. Malkia akaota kilemba chekundu kichwani. "Kuna matetea wenye vilemba," alisema Mama Chanuo. Malkia akaota miba miguuni. "Huyu ana damu ya vita." Mumewe alikuwa akiziba pancha uani, akainua kichwa, akamtazama Malkia, akamtazama mkewe, akarudi kwenye pancha yake. Halafu asubuhi moja Malkia alipanda juu ya pipa la maji, akanyoosha shingo, akawika mpaka sufuria zikaitika. Kabla wiki mbili hazijaisha wakamjibu wengine wanane. Kati ya kuku kumi na wawili wenye maua, matetea walikuwa watatu.

Ikiwa umewahi kukaa na jogoo mmoja, usidhani unajua habari za majogoo tisa. Mmoja anawika alfajiri, kisha ana shughuli zake. Tisa wana ubishi. Huyu akisema, yule hawezi kunyamaza, na wa tatu hawezi kukubali kwamba wa pili ndiye aliyemaliza maneno. Waliwika saa mbili, saa nne, saa sita, wakipumzika ili kupigana tu, manyoya yakipepea mpaka chumba cha mbele na kunasa kwenye mafuta ya nywele za wateja.

Jumanne, saa tatu asubuhi, kichwa kilitokeza juu ya ukuta wa ua. Alikuwa nesi wa nyumba ya pili, msichana mpole aliyefanya zamu ya usiku katika hospitali, na ambaye dirisha lake la chumbani lilitazama uani kwa Mama Chanuo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Sijaamka, mama. Sijalala." Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. "Ni wiki ya sita hii. Jana usiku nilisimama mbele ya mgonjwa na sindano mkononi, nikasahau kama nimeshamchoma au bado. Ilibidi nimwulize yeye."

Mama Chanuo akawaangalia majogoo wake.

"Mimi na wewe mwenye nyumba wetu ni mmoja," nesi akaendelea, kama mtu aliyeyafanyia maneno yake mazoezi. "Kwenye karatasi ya kupanga ameandika hataki mifugo. Sijawahi kumwambia kitu. Nakuheshimu kama mama yangu. Lakini nakupa mpaka Jumapili. Jumapili nikirudi zamu nisipolala, nampigia simu."

"Atawaondoa wote," alisema Mama Chanuo. "Na matetea."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Nyuma yao Malkia akawika. Nesi akafumba macho, akaondoka ukutani.

Mchana ule msusi alisuka vichwa viwili bila kumsoma mtu. Aliyaona yote bayana: mwenye nyumba akija na daftari lake, banda likibomolewa, kuku wakibebwa miguu juu vichwa chini, na yeye akibaki na vidole vyake tu, hivyo hivyo vilivyogoma. Jioni mumewe alinawa grisi mikononi, akatoa ushauri.

"Tuwale."

"Tukimbakiza mmoja, majogoo wanane, siku tano, watu wawili?"

"Tuanze, tuone tutafika wapi."

Walianza. Jumatano walichinja wawili wakorofi zaidi baada ya Malkia, wakawagawia majirani mapaja. Nyama yenyewe ilikuwa ya misuli mitupu, kwa zile ngumi za kila siku. Mchuuzi wa kuku aliyepita na tenga lake aliwapapasa vifua waliobaki, akawarudisha chini kwa upole. "Hawa si kuku, mama. Hawa ni wanamieleka. Wanenepeshe kwanza." Akaenda zake.

Alhamisi Mama Chanuo alikwenda kununua pumba. Mzee alimpimia, kisha akauliza habari za wale vifaranga, na msusi, ambaye hakuzoea kusema uongo ila kwa wateja wanaouliza kama wamenenepa, akamweleza. Akamweleza mpaka habari za maua.

Mzee aliweka kopo lake la kupimia juu ya gunia. Mabega yakaanza kumtikisika, vumbi likamdondoka.

"Doa kubwa ni dume, mama! Kubwa, lililotawanyika, ni jogoo. Doa dogo, lililotulia, ni tetea. Kwa kuku hawa ishara hiyo haikosei sana. Ulikisoma kitabu vizuri kabisa, ila ulikishika juu chini."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Alirudi nyumbani gunia kichwani, na njiani hesabu ilijipanga yenyewe. Ikiwa wenye maua walikuwa majogoo, basi wenye matone, wale tisa aliowagawa kwa mikono yake miwili... Alisimama katikati ya njia, baiskeli ikampigia kengele. Walikuwa na miezi saba sasa. Walikuwa wameanza kutaga. Na kwa miezi miwili iliyopita wanawake wale walikuwa wakija, wakikaa kwenye kigoda chake, wakimpa vichwa vyao, na kila alipowauliza "Jogoo wangu hajambo?" walimjibu, "Hajambo, anakua tu." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepepesa jicho. Na yeye, ambaye kichwa hakimdanganyi, alikuwa amevishika vichwa hivyo vyote kwa vidole vyake na asisome kitu.

Alianza na wifi yake. Hakupiga hodi mlangoni, alipitia nyuma.

Wifi alikuwa amechuchumaa karibu na meko. Alipomwona alivuta kanga upesi, akafunika bakuli.

"Karibu, wifi! Mbona ghafla hivyo kama polisi?"

"Asante. Jogoo wangu yuko wapi?"

"Yupo, huko nje, anazurura. Si unajua wanaume."

"Anataga mara ngapi kwa wiki?"

Kuku mmoja wa kijivu, mnene, mwenye mistari mizuri, alitoka nyuma ya ndoo, akapita katikati yao akiimba ule wimbo wa kuku aliyetoka kutaga muda si mrefu.

Wifi alijaribu kujizuia, ikamshinda. Alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani wifi, ningefanyaje? Ulisema kwa kinywa chako ni jogoo. Mimi nani nikubishie, wewe bingwa wa vichwa? Nilisema labda ndio majogoo wa kisasa."

Hapo palikuwa na njia mbili. Mama Chanuo angeweza kumdai kuku wake, na ugomvi ungefika mpaka kwa wajukuu ambao hawajazaliwa. Au angeweza kusema neno ambalo kwa miaka ishirini na tano ya kusuka hakuwahi kulisema. Aliangalia lile bakuli lililofunikwa. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nilikosea," alisema.

Wifi akaacha kucheka. "Unasema?"

"Usinitaabishe, umesikia. Nilikosea. Doa kubwa ndilo la jogoo. Kuku ni wako, nimekupa, sirudishi mkono nyuma. Ila niambie kitu kimoja. Hayo mayai unayoficha, umeshawahi kuyaatamisha?"

"Mara moja." Uso wa wifi ulianguka. "Alikaa siku ishirini na tano, masikini, akakonda. Yote viza."

"Yatakosaje kuwa viza? Tetea yuko peke yake kama mtawa. Hana mume."

Wakatazamana. Wifi hakuwa mjinga. "Na wewe unao waume wa kutosha," alisema polepole.

"Ninao wa kumwaga. Chukua mmoja. Simuuzi. Vifaranga wakiangua uniite siku ya kwanza kabla hawajakauka vizuri. Nichague matetea wawili, nyumba yangu ipate na yako ipate."

"Utachagua wewe?" Wifi akaanza kucheka tena. "Kwa kichwa?"

"Kwa kichwa. Safari hii kitabu nimekigeuza."

Wifi alisema atafikiri, maana watu wa ukoo ule hawakubali kitu siku hiyo hiyo. Lakini habari ilikuwa imeshatoka nje, na mtaani habari haihitaji viatu. Ijumaa chumba cha mbele kilijaa. Wengine walikuja kusuka, wengine kusikia kwa masikio yao. Mama Chanuo alifunga mlango wa jiko, akasimama katikati yao, chanuo kichwani, akalisema tena, sasa mbele za watu.

"Nilikosea. Mnacheka? Chekeni, mmalize kabisa, maana nina shughuli."

Walicheka wakamaliza. Mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyekuwa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, aliungama kwanza. "Wangu anataga tangu mwezi uliopita. Niliogopa utamtaka. Kila nikija hapa nilikuwa natetemeka usije ukaisoma kwenye utosi."

"Ndiyo maana ulikuwa unakaa na kichwa kigumu kama gogo! Nikadhani umegombana na mumeo."

Muuza mitumba naye akasema wake anataga mpaka kwenye marobota ya nguo. Mmoja tu, mke wa seremala, ndiye aliyekuwa na jogoo wa kweli, na alikuwa ameshamla, akaona haya kama vile ndiye aliyefanya kosa. Mama Chanuo aliwaeleza mapatano: jogoo bure, matetea wawili katika kizazi cha kwanza, yeye ndiye atakayechagua. Wengine walitikisa vichwa. Wengine waliuliza kama jogoo atakuwa mpole. Kufikia Jumamosi adhuhuri majogoo watano walikuwa wametoka kwa mlango wa mbele, kila mmoja chini ya kwapa la mwanamke, akitazama barabara kwa mshangao. Mwalimu aliondoka na wake kabla hata ya kumaliziwa kusukwa.

Wakabaki wawili. Mmoja alikuwa mdogo wa wote, mtulivu, aliyezoea kufukuzwa na wenzake hata akajua kula kwa haraka. Wa pili alikuwa Malkia.

Na wawili, Jumamosi ile alasiri nzima, walitosha. Malkia alipowika, mdogo, kwa kuwa sasa hakuna wa kumnyamazisha ila mmoja, alijibu. Malkia akarudia kwa ukali. Mdogo akajibu. Dirisha la nesi lilifungwa kwa kishindo.

"Mmoja lazima aende leo," alisema fundi baiskeli.

"Najua."

"Huyu mdogo tunaweza kumchinja hata sasa hivi. Ni saizi yetu."

Mama Chanuo akageukia pipa la maji. Malkia alikuwa juu ya pipa, mkia wake ukiwa na kijani kinachometa, kifua mbele, na hakuna jogoo mzuri kama yule mtaa mzima. Alikuwa amemlisha kwa mkono. Alikuwa amemtetea kwa miezi kadhaa, dhidi ya macho yake mwenyewe, kwamba ni jike. Kumwondoa yeye kulikuwa ni kama kuungama mara ya tatu, na hii ilikuwa chungu kuliko zile mbili, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kucheka. Lakini huyu mkubwa hakuweza kukaa kimya hata akiwa peke yake. Aliwikia ndoo, aliwikia kivuli chake, aliwikia kengele za baiskeli. Mdogo alikuwa anajibu tu akiulizwa.

"Mdogo anabaki," alisema. "Jogoo ninayemtaka ni wa kuzalisha, simtaki wa kutangaza."

Akamshika Malkia mwenyewe, akambana mabawa, akatoka naye kwa mlango wa mbele, akapita maduka na kona mbili mpaka nyumba ya mwisho kabla ya mfereji, kwa wifi, ambako jirani wa karibu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na kelele haikuwa habari.

"Umeshafikiri?" aliuliza.

Wifi alimtazama jogoo kutoka kilemba mpaka kucha. "Huyu si ndiye yule kipenzi chako?"

"Ndiye. Mpokee kabla sijabadili nia."

"Anaitwa nani?"

"Utampa jina wewe," alisema Mama Chanuo, akageuka upesi.

Jumapili alikuwa macho kabla ya mwanga. Jogoo mdogo aliwika mara tatu alfajiri, akangoja jibu, na alipoona ulimwengu mzima umenyamaza akashuka chini kutafuta wadudu. Saa moja na nusu mlango wa nesi ulilia. Pazia likavutwa. Mama Chanuo alikaa jikoni mikono yake ikiwa kwenye bakuli la maji ya moto, mumewe upande wa pili wa meza, na hakuna aliyesogeza hata kikombe. Saa tatu. Saa tano. Mara moja tu jogoo alipasha koo, na fundi baiskeli aliinuka nusu kwenye kiti kama mtu aliyeitwa mahakamani. Lakini jogoo alikuwa amekabwa na punje, ikashuka, basi. Saa saba mchana. Saa tisa.

Saa kumi na nusu kichwa kilitokeza juu ya ukuta, mkunjo wa mto umejichora shavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka," alisema nesi, na alilisema neno hilo kama mtu anayeonja kitu kwa mara ya kwanza. Akachungulia uani. Wale matetea watatu wa mistari na makoo wa zamani walikuwa wakichakura, jogoo mdogo akiwazunguka kwa adabu. "Huyo ndiye aliyebaki?"

"Ndiye huyo. Mmoja."

"Na matetea wakiatamia, wakizaliwa wengine?"

"Nitawajua siku wanayoangua. Madume watatoka hapa kabla hawajajua kwamba wana sauti."

Nesi aliegemeza kidevu chake ukutani, akafikiri. Mama Chanuo alikitazama kile kichwa, utosi, paji, masikio madogo yaliyokaa vizuri, na kwa mara ya kwanza hakutoa hukumu. Alingoja aambiwe.

"Sitampigia mwenye nyumba," alisema nesi. "Lakini siku nikisikia wa pili, mama, hata akiwika mara moja tu, napiga."

"Siku ukimsikia wa pili, usihangaike na simu. Ruka ukuta uje na sufuria."

Nesi alicheka, akapiga mwayo katikati ya kicheko, akarudi kulala kidogo kabla ya zamu.